Kuboresha Breki za Pikapu kwa Bajeti Ndogo: Pedi, Mafuta, Diski na Mipira

Breki za kiwandani za pikapu hupimwa kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari na kwa saizi ya matairi iliyotoka nayo kiwandani. Malalamiko huanza pale vipuri vinapochakaa, mzigo unapozidi, matairi makubwa yanapofungwa, au gari linaposhuka mlima mrefu likiwa limejaa. Vifaa ninavyovitathmini hapa nimevifunga kwenye pikapu ya takriban tani mbili yenye diski mbele na drumu nyuma, na vyote vinaingia mahali pa vile vya awali bila kukata wala kuchomelea chochote. Kigezo changu ni kimoja, nacho ni kiasi cha nafuu inayoonekana kwa kila fedha iliyotoka mfukoni. Kwa kigezo hicho, kifaa kinachong'aa zaidi dirishani mwa duka la spea ndicho kilichoshika mkia.

Nianze na pedi za mbele, kwa kuwa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu mara tatu ya ile iliyopo kwenye kilomita 60, na nguvu hiyo yote haina budi kugeuka joto kabla magurudumu hayajasimama. Ndiyo maana nilichagua pedi za nusu metali, yaani zile ambazo kati ya asilimia 30 na 65 ya mchanganyiko wake ni chuma na metali nyingine, badala ya zile za seramiki. Za seramiki ni tulivu, hazichafui rimu, na zinamfaa sana mtu anayezunguka mjini na gari tupu. Za nusu metali hupiga kelele kidogo zikiwa baridi, hutoa vumbi jeusi na hula diski haraka zaidi, lakini zikishapata moto kwenye mteremko zinaendelea kushika, na hiyo ndiyo sifa ninayoilipia.

Kabla ya kulipa, geuza pedi na usome ukingo wake. Pembeni mwa namba za mtengenezaji aghalabu huwa kuna herufi mbili: ya kwanza hueleza msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FF inashika kwa kiwango kilekile baridi na moto, ilhali yenye FE hulegea joto linapopanda, jambo ambalo mwenye pikapu hapaswi kulikubali hata kama bei inavutia. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu uimara wa pedi wala kelele zake. Kwenye soko linalofuata kanuni za Umoja wa Mataifa, tafuta pia alama ya E ndani ya duara ikiambatana na maandishi 90R, maana pedi yenye idhini hiyo imepimwa ikilinganishwa na ile ya kiwandani. Pedi isiyo na maandishi yoyote, ikiwa ndani ya boksi linalofanana mno na la kampuni maarufu, mimi huirudisha rafuni.

Jozi niliyoifunga ilikuwa na alama ya FF, na baada ya kuzizoesha kwa kupunguza mwendo mara kadhaa kutoka kilomita 50 hadi karibu 10 kwa saa, bila kusimama kabisa na kwa kuacha nafasi ya kupoa kila mara, mshiko wake ulitulia. Atakayeruka hatua hiyo asishangae akidhani ameuziwa feki.

Ununuzi ulionipa nafuu kubwa kuliko bei yake ni mafuta ya breki. Mafuta ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na unyevu ukizidi, hushuka kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kuchemkia. Viwango vya chini vinavyotakiwa kwa kila daraja la DOT, yaani alama ya ubora inayoandikwa kwenye chupa ya mafuta, ni nyuzi 205 za Selsiasi kwa DOT 3 yakiwa mapya na 140 yakishaingia maji. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, yaani kifaa chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski, hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke unabanika, pedali huzama hadi chini bila gari kushikwa. Nilichagua DOT 4 kwa sababu bei yake haiko mbali na ya DOT 3 na huchanganyika nayo bila madhara. DOT 5 ni jambo jingine kabisa: hayo ni ya silikoni, hayachanganywi na hayo mengine, na hayafai kwenye mfumo huu licha ya jina lake kukaribiana na 5.1.

Kilichotoka kwenye silinda za nyuma wakati wa kutoa upepo, yaani kusukuma nje mafuta ya zamani na hewa iliyonaswa, kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini ya chupa ya kukingia kulikuwa na chembe nyeusi. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, tukaendelea hadi yalipotoka mafuta safi yasiyo na povu. Atakayejaribu nyumbani akumbuke kwamba mafuta haya hubabua rangi ya bodi, na tone likianguka halisubiri kazi iishe.

Kuhusu diski, ushauri wangu ni mfupi: nunua zisizo na matundu wala mapambo, za unene wa kiwandani, zenye mapengo ya kupitisha hewa katikati. Zilizotobolewa hupoteza sehemu ya chuma kinachohifadhi joto, na nyufa hupenda kuanzia ukingoni mwa matundu. Kwenye gari zito zinalipiwa zaidi ili zifanye kazi pungufu. Zilizochongwa mifereji zina nafuu kidogo, ila sikuona sababu ya kuzilipia. Kama diski za zamani bado ziko juu ya unene wa chini uliochorwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida kwa maneno MIN TH, na hazijapinda wala kupasuka, ziache. Kama unafunga mpya, osha mafuta ya kuzuia kutu kwa kisafishio cha breki, kisha piga brashi ya waya kwenye uso wa habu, yaani kitovu ambacho diski hukalia, hadi kutu yote iondoke. Kipande kidogo cha kutu kikibaki katikati ya diski na habu, diski hukaa upande, na baada ya muda pedali huanza kutetemeka kila unapokanyaga.

Nyuma ndiko wengi wanakokusahau. Viatu vya breki vyenye lainingi mpya, seti ya springi ndogo, na silinda za gurudumu pale zinapovuja ni vitu vya bei ya chini, lakini ndivyo vilivyoinua pedali kuliko kifaa kingine chochote kwenye orodha yangu. Sababu ni kwamba lainingi ikikaa mbali na drumu, pedali hutumia safari yake ya kwanza kuziba pengo hilo tu. Kirekebishaji, yaani skrubu inayosogeza viatu karibu na drumu, cha kulia na cha kushoto mara nyingi huwa na mizunguko ya skrubu inayopingana, hivyo usivichanganye, na safisha vumbi kwa kitambaa chenye maji wala si kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa lainingi za zamani huenda zina asbestosi. Pikapu nyingi pia zina vali iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa namna bodi inavyoshuka. Ukiongeza springi au ukiinua gari bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu na kuinyima breki ya nyuma presha hata pale lilipojaa. Marekebisho yake hayahitaji kipuri cha gharama, ila yanahitaji fundi anayejua kipimo cha gari lako.

Mipira ya kupitishia mafuta ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma cha pua inauzwa kwa sifa nyingi kuliko kazi yake. Pedali imekuwa ngumu kidogo na ya uhakika zaidi, basi. Kama mipira ya awali imezeeka, badilisha, maana mpira ukivimba kwa ndani unaweza kuruhusu presha kwenda na kuizuia kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa. Katika hali hiyo, mipira mipya ya kawaida ya kiwango kizuri inatosha.

Kubadilisha kalipa na kuweka za modeli kubwa ya ukoo uleule, kama wafanyavyo wenye Toyota Tacoma ya kizazi cha kwanza wanaotumia kalipa na diski za Tundra, ni kazi halali inayosaidia anayebeba mzigo mzito kila siku. Hata hivyo inadai diski mpya, wakati mwingine rimu zenye nafasi zaidi, na pedali yenye safari ndefu, kwa sababu pistoni kubwa zinakunywa mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda ileile. Nimeiacha kwa sababu pikapu yangu, kwenye lami kavu, ina uwezo wa kuifikisha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kwenye kazi kwa breki zilizopo. Gari likishafika hapo, umbali wa kusimama mara moja unaamuliwa na matairi, na kalipa kubwa haziwezi kuufupisha hata kwa hatua moja.