Friji ya mvinyo inanuka gundi? Usilete chetezo!

Hamjambo wapenzi watazamaji. Leo nimekasirika. Ni hii hapa: friji ndogo ya mvinyo, chupa 12, mlango wa kioo, taa ya buluu, hayo mnayajua. Shida yangu ni harufu. Siku ya kwanza nafungua mlango, puu! Kama nimeinamia kopo la gundi la fundi viatu.

Shangazi akaja mbio na chetezo cha udi. Nikamwambia, shangazi, hapo hapo simama!

Mlioniandikia kwamba gesi imevuja, hii haina gesi. Tazameni nyuma: hakuna kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya kupoza. Kuna kibamba kinachopitishwa umeme, upande mmoja unapoa, wa pili unapata moto, na feni. Kinachonuka ni plastiki mpya, gundi na mpira wa mlango. Lakini zenye kompresa, nyingi za siku hizi zina gesi ya kupoza iitwayo R600a, yaani isobutani, nayo inashika moto, na ikivuja huenda usisikie harufu yoyote. Sasa umlete shangazi na makaa yanayowaka? Someni kibandiko cha friji kwanza.

Haya, visahani viwili vya siagi, maana siagi hunyonya harufu upesi. Hiki kililala mezani kimefunikwa. Nanusa... siagi. Hiki kililala ndani ya mashine. Nanusa... lo! Jamani, plastiki tupu! Ngojeni ninuse tena. Wallahi ni plastiki. Na mimi niweke humo chupa ya kizibo nikae nayo miezi? Sithubutu.

Nikachomoa plagi, nikafuta ndani kwa maji vuguvugu na bekingi soda, hadi kwenye mikunjo ya mpira, nikakausha, nikaiacha wazi dirishani siku 4. Usiku, bakuli la makaa makavu ndani. Hiki kisahani cha tatu ni cha jana. Nanusa... siagi! Alhamdulillahi.

Ila ukisikia harufu ya waya kuungua, hiyo si ya kupepea. Chomoa, rudisha dukani na risiti.

Je, inafaa shilingi 21,000? Harufu nimeisamehe, joto bado. Kaskazi hii chumba kina digrii 32, nayo imegota 16, kwa sababu aina hii hufuata joto la chumba. Ya kompresa ni ghali zaidi, lakini kwa Mombasa naanza kuiona ndiyo. Video zimehamia Jumamosi, stima kukatika kila Ijumaa kumenichosha. Jumamosi hii naileta hiyo ya kompresa, na visahani vyangu.