TAHADHARI: Msinunue ile seti ya lebo na cherehani ya mkononi ya kushonea majina kwenye nguo za watoto wa kambi

Yule muuzaji wa seti ya kushonea majina ameibuka tena, na safari hii amewalenga wazazi wanaoandaa mabegi ya watoto kwa ajili ya kambi ya likizo. Wengi mnamjua, sina haja ya kumweleza. Sanduku ni lile lile: cherehani ndogo ya mkononi ya betri, rola ya lebo zenye jina la mtoto, vigurudumu vya uzi wa rangi, na kikaratasi cha maelekezo ambacho hakielekezi kitu. Ni utapeli mtupu. Anajua fika anachokiuza, anajua kitakachotokea nguo zikifuliwa mara ya kwanza, na bado anawatazama wazazi machoni na kupokea pesa zao.

Tazameni mchezo unavyochezwa, maana umepangwa hatua kwa hatua.

Anatandaza mezani vipande viwili vya kitambaa kigumu cha pamba, kile ambacho hakijawahi kuguswa na maji na bado kina wanga wake wa kiwandani. Lebo anaiweka juu. Anaingiza kitambaa chini ya mguu wa mashine, anabonyeza kitufe, mashine inanguruma, na kufumba na kufumbua upande mmoja wa lebo umeshikwa. Mishono imenyooka, imelingana, inapendeza. Anaenda upande wa pili, vivyo hivyo. Kisha anakishusha kitambaa chini ya ukingo wa meza, eti anakata uzi. Akikiinua tena anaishika lebo kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono mwingine, anavuta kwa nguvu zake zote. Lebo haibanduki. Anamkabidhi mteja naye avute. Mteja anavuta mpaka vidole vinauma, lebo haibanduki. Hapo ndipo pochi zinapofunguka.

Na kwa nini watu wasiamini? Wamevuta wenyewe kwa mikono yao. Mshono ule ukivutwa kwa ubavu unashika kweli, hilo si kiini macho. Halafu anawaambia maneno ambayo kila mzazi mwenye rundo la nguo kitandani anatamani kuyasikia: hakuna bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) ya kujaza, hakuna uzi wa chini wa kuhangaika nao, huhitaji kujua kushona. Watu wazima wenye akili timamu wamenunua, wakiwemo wanaoshona mapazia yao wenyewe, na leo wanaona haya hata kulitaja jambo hili mbele ya wenzao. Aibu hiyo si yao. Ni ya aliyekishusha kitambaa chini ya meza.

Maana siri yote iko pale chini ya meza. Cherehani ile ina uzi mmoja tu. Inashona mshono wa mnyororo: sindano inashuka na uzi, ndoano iliyo chini inaudaka na kuufanya kitanzi, sindano inaposhuka tena inapita ndani ya kitanzi kile na kuacha kingine, na kuendelea. Kila kitanzi kinashikwa na kinachokifuata. Cha mwisho hakishikwi na kitu chochote. Ukikata uzi kwa mkasi na kuitoa nguo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, kitanzi kile kimebaki wazi. Kivute kidogo, kinachomoka. Cha nyuma yake kinachomoka. Na safu nzima inafunguka mpaka mwanzo. Ni ule mshono wa mdomo wa gunia: ukiupata uzi wenyewe, unavuta mara moja na gunia liko wazi.

Muuzaji akiwa chini ya meza anaizungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ipande juu kabisa, anauvuta uzi na kuacha mkia wa kama sentimita 10, anaupitisha mkia ndani ya kitanzi cha mwisho na kukaza. Amefunga fundo. Kazi ya sekunde chache tu, na ndiyo pekee inayofanya lebo ikae. Kwenye kikaratasi cha maelekezo haipo. Hawezi kusema hajui, kwa sababu anaifanya yeye mwenyewe kila anapoonyesha.

Cherehani ya kawaida ya nyumbani haina tatizo hili kwa sababu ina nyuzi mbili. Uzi wa juu na uzi wa bobini vinakabana katikati ya kitambaa kwa kila pigo la sindano, kwa hiyo ukikatika mahali pamoja, mapigo ya jirani bado yanashika. Mwishoni unarudisha nyuma mapigo matatu au manne na mshono umejifunga. Cherehani yake ya mkononi hairudi nyuma. Na anapoiita “teknolojia mpya”, jueni kwamba Elias Howe alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya cherehani ya nyuzi mbili Marekani mwaka 1846, naye James Gibbs akapata ya mshono wa mnyororo wa uzi mmoja mwaka 1857. Hakuna upya wowote hapo.

Sasa toeni kile kitambaa chake kigumu, wekeni nguo halisi za mtoto. Nguo nyingi za kambi ni fulana, soksi, nguo za ndani na sweta, yaani vitambaa vinavyovutika. Kitambaa cha fulana kikikutana na sindano yenye ncha kali kinashuka pamoja nayo badala ya kutobolewa vizuri. Uzi haufanyi kitanzi kwa wakati, ndoano inakosa cha kudaka, na mashine inaruka pigo. Kwenye nyuzi mbili, kuruka kunaacha pigo moja refu na maisha yanaendelea. Kwenye mnyororo, pigo lililorukwa linaacha kitanzi kirefu kilicholegea, na ndicho kitakachonasa. Tena kumbukeni mnyororo wenyewe unatokea upande wa chini wa kitambaa. Lebo ukiishona ndani ya shingo ya fulana, vile vitanzi vyote viko nje, mgongoni mwa mtoto, vikisubiri zipu ya begi, ukucha wa mwenzake au nguo nyingine ndani ya mashine ya kufulia. Kambini nguo za watoto wengi hufuliwa pamoja. Uzi mmoja ukinaswa, lebo inaishia kwenye kichujio cha mashine, na nguo inaishia kwenye rundo la zisizo na mwenyewe.

Kwenye taulo ndiko kubaya zaidi. Unene ukizidi, sindano inapinda na kugonga bamba la chini na kuvunjika. Ikivunjika, msiendelee mpaka vipande vyote vipatikane na kuunganishwa juu ya meza hadi sindano itimie urefu wake, kwa sababu ncha iliyobaki ndani ya manyoya ya taulo itampata mtoto usoni.

Huo ni upande wa mashine. Lebo nazo ni wizi wa pili, na pengine mbaya zaidi, kwa kuwa wapo wenye cherehani nzuri nyumbani walionunua rola peke yake. Sampuli anayowashikisha watu ni ya kufumwa kwelikweli: herufi zimo ndani ya kitambaa, ni nyuzi. Mnayoletewa ni satini iliyochapwa wino juu. Kwenye picha haziachani, mkononi zinaachana mara moja. Geuzeni nyuma: ya kufumwa inaonyesha nyuzi za herufi zikipita upande wa pili, kinyumenyume, ya kuchapwa nyuma ni tupu kabisa. Kwarueni kwa ukucha. Chukueni pamba yenye spiriti, sugueni herufi moja. Pamba ikitoka na rangi, jina hilo halifiki mwisho wa kambi. Na msiilaumu sabuni, kwa sababu lebo ya jina iliyo ya kweli hutengenezwa ili istahimili maji ya nyuzi joto 60.

Kisha kuna ile gundi ya nyuma. Anasema pigeni pasi kwanza ili ishike, halafu mshone juu yake. Sindano ikipita kwenye gundi inapakwa, tundu linaziba, uzi unachanika nywele nywele na kukatika, na mapigo yanaruka. Lebo ya kushona haihitaji gundi. Ikiwa mnayo tayari, futeni sindano kwa spiriti kila baada ya lebo mbili tatu, au shoneni pembezoni kabisa kusiko na gundi.

Kwa wale ambao nguo zinatakiwa kuwa tayari na wamebaki wanashika kichwa, kazi yenyewe ni nyepesi ukiwa na cherehani yoyote ya nyuzi mbili, hata ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Chukueni utepe wa pamba wa upana wa milimita 10 hadi 12. Ufueni na kuupiga pasi kwanza, kwa sababu pamba husinyaa, na utepe ukisinyaa ukiwa umeshashonwa unaikunja shingo ya nguo. Andikeni jina kwa kalamu ya wino wa nguo kabla ya kukata, pigeni pasi juu ya wino ukishakauka ikiwa maelekezo ya kalamu yanataka hivyo. Kata urefu wa sentimita 6, kunja milimita 5 kila ncha kwenda ndani. Ncha zilizokatwa kwa moto kwenye zile satini zake ni ngumu na zinamkwaruza mtoto shingo, zikunjwe nazo.

Sindano namba 80/12 (ndiyo namba ya unene wake, imeandikwa kwenye pakiti) inatosha kwa shati na kaptula. Kwa fulana na chochote kinachovutika, wekeni sindano ya ncha ya mviringo, 75/11 au 80/12. Hiyo inasukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata, na kuruka kunakoma. Kwa taulo na jinzi, 90/14. Uzi uwe wa poliesta juu na chini. Urefu wa pigo milimita 2.5. Lebo ya shingoni shoneni ncha mbili fupi tu, kurudisha nyuma mwanzo na mwisho, ili shingo iendelee kuvutika katikati. Mkishona pande zote nne, kichwa cha mtoto kikipita uzi unakatika. Kwenye fulana zigizaga nyembamba ya upana wa milimita 1 ni bora kuliko mstari mnyoofu.

Suruali: kwenye ukanda wa kiuno kwa ndani, chini ya lastiki au juu yake, kamwe si katikati yake. Taulo: kunjeni lebo iwe kitanzi na kuiingiza kwenye pindo la kona, itumike na kutundikia. Koti la mvua msilitoboe mgongoni hata kidogo, kila tundu la sindano linapitisha maji; shoneni kwenye kile kitanzi cha kutundikia. Soksi ndizo zinazowashinda wengi: lebo ngumu ikizungushwa mdomoni mwa soksi, mguu hauingii. Shikizeni kwa ncha moja tu ndani ya mdomo, ining'inie kama ulimi, au wekeni kwa mkono alama ya uzi, kila mtoto na rangi yake.

Tukirudi kwa huyu bwana: arudishe pesa, zote, na gharama za kutuma zikiwemo. Aondolewe kwenye kila kundi la kuuziana. Wenye risiti na picha za tangazo wafungue malalamiko kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji ya nchi zao, na waliolipa kwa kadi wadai benki irudishe malipo, kwa sababu kuonyesha lebo ya kufumwa na kutuma ya kuchapwa ni kuuza kitu kisicho kile kilichotangazwa. Asiachiwe kwa “samahani, nitawatumia rola nyingine”. Rola nyingine ni satini ile ile. Mtu anayefunga fundo kwa siri ili mwingine asijue kwamba fundo linahitajika hastahili kupewa nafasi ya pili, na wanaomtetea kwamba “ni biashara tu” wangeulizwa kama nao wanapata fungu.

Dalili za kumtambua, kwa sababu jina la duka atabadilisha: hakubali ujaribu kwenye fulana uliyoivaa wewe. Mikono inaondoka machoni pako wakati wa kukata uzi. Hana picha ya upande wa nyuma wa lebo. Tangazo halisemi popote kama mshono ni wa uzi mmoja au nyuzi mbili. Video ya mashine inayoandika majina yenyewe ina fremu ya tarizi (ile ya kukazia kitambaa), wakati kwenye sanduku hakuna fremu. Na mwombe aushike mkia wa uzi, ule wa mwisho alipomalizia, auvute bila kufunga fundo. Atakataa.

Mliokwisha kushona kwa mashine yake, msishone juu ya mnyororo ule. Tafuteni ncha ya mwisho, ivuteni, lebo itabanduka yenyewe bila kifumulio (kifaa cha kufumulia mishono). Ikiwa hamna cherehani nyingine na begi linaondoka kesho, basi pitisheni mkia wa uzi kwenye sindano ya mkono, uingizeni ndani ya kitanzi cha mwisho, kazeni, kisha shoneni hapo hapo mara tatu na kuuzika uzi chini ya lebo. Fanyeni hivyo kila mahali mashine iliposimama, siyo kwenye kona moja tu. Na sanduku pamoja na risiti msitupe.