Miezi minane na baklofeni: uzoefu wangu

Niliumia uti wa mgongo, usawa wa kifua. Miezi michache baadaye miguu ikaanza kukakamaa. Nikiweka unyayo kwenye kikanyagio cha kiti cha magurudumu, kisigino kinadunda, kinadunda, mpaka nilikandamize goti kwa mkono. Usiku shuka likinigusa tu, magoti yanajikunja kwa nguvu na usingizi unakatika.

Daktari alinianzishia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, miligramu 5 mara tatu kwa siku, tukawa tunapandisha taratibu. Nilimuuliza inafanyaje kazi. Msuli ukivutwa, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao uti huamuru msuli ukaze papo hapo, bila kuungoja ubongo. Kwa asiyeumia, ubongo huutuliza uti usizidishe. Kwangu njia hiyo imeharibika. Baklofeni hushika vipokezi vya GABA-B, yaani sehemu za neva zinazopokea GABA, kemikali ya mwili ya kutuliza neva, humo humo kwenye uti, na neva inayoleta habari ikatoa kemikali kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo amri ya kukaza inapungua.

Mwanzoni alinigonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu ukaruka nusura umpige. Nilipofika miligramu 10 mara tatu akagonga tena: ukainuka kidogo, ukashuka. Machozi yalinitoka. Wiki hiyo nililala usiku mzima.

Kisha tukapanda hadi miligramu 60 kwa siku, na hapo ndipo nilipojifunza. Kumbe ule mkakamao ndio uliokuwa ukinisimamisha ninapohama kutoka kitini kwenda kitandani! Magoti yalilegea nikaenda chini. Mchana kutwa nasinzia. Tukashusha hadi 40, na hapo ndipo nilipo. Asubuhi kisigino bado hudunda, ila mara nne tano, halafu kinatulia chenyewe. Kwangu inatosha, kwa sababu nahama kitandani bila kubebwa.

Safari moja vidonge viliniisha, nikakaa siku mbili bila dawa. Mkakamao ulirudi mkali kuliko wa mwanzo, mwili ukawasha, moyo ukaenda mbio. Tafadhali sana, usiache dawa hii ghafla: wengine huona vitu visivyokuwepo, wengine hupata degedege. Hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya daktari. Na mwenye matatizo ya figo aseme kabla ya kidonge cha kwanza, maana sehemu kubwa ya dawa hii hutoka mwilini kupitia figo.