Simuleta ya gofu nyumbani Mbeya: hela inakoishia

Kabla hujaulizia bei ya kifaa, pima dari. Nimeitumia Garmin Approach R10, kifaa kidogo kinachopima shoti yako ili programu ionyeshe mpira ukiruka kwenye skrini, chumbani hapa Mbeya, na nasema wazi kwamba kifaa ndiyo sehemu rahisi. Chumba, skrini, projekta na umeme ndivyo vinavyomaliza mfuko.

Nyumba zetu nyingi zimefungwa jipsam kwenye mita 2.7 hivi. Hapo mtu mfupi anapiga aini (fimbo fupi ya chuma) bila shida, lakini mrefu akishika dreva (fimbo ndefu kuliko zote) atatoboa dari. Mita 3 ndiyo salama. Shika dreva, inyanyue taratibu mpaka ifike juu kabisa, mwenzako apime kwa futi kutoka sakafuni hadi kichwa cha fimbo, kisha ongeza sentimita 15. Pima ukiwa umesimama juu ya mkeka wa kupigia, maana nao unakuinua. Upana usipungue mita 4 kama watapiga wa mkono wa kulia na wa kushoto.

Urefu wa chumba ndio unaowakwamisha wengi. R10 ni rada: inakaa nyuma ya mpira, mita 1.8 hadi 2.4, na mpira unahitaji angalau mita 2.4 za kuruka kabla ya kugonga skrini. Nyuma ya skrini acha sentimita 30 au 40. Jumlisha, unakaribia mita 5. Chumba cha nne kwa nne hakifai, hata kama muuzaji anasema kinafaa. Ukibanwa na nafasi, chukua kifaa cha kamera kinachokaa pembeni ya mpira, kama SkyTrak+, ila bei yake ni mara kadhaa ya R10.

Sasa hela. R10 huuzwa Marekani kwa takriban dola 600. Tuseme usafiri na bima ni dola 100: thamani ya kutozwa kodi inakuwa 700. Ikiwekwa kwenye ushuru wa 25% inafika 875, na VAT ya 18% inahesabiwa juu ya hiyo 875, siyo juu ya 600. Unafika dola 1,032. Kwa kukadiria dola moja shilingi 2,600, hiyo ni kama milioni 2.7 kabla ya malipo ya wakala. Kuna pia ada ya programu: Garmin hutoza karibu dola 100 kwa mwaka kwa viwanja vyake vya kwenye skrini, na GSPro, programu nyingine ya simuleta, ambayo inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, ni dola 250 kwa mwaka. Ada hizi hujirudia kila mwaka, ziweke kwenye hesabu mapema.

Fremu usiagize nje. Mbao za paini kutoka Mufindi au mabomba ya chuma ya inchi moja na nusu, fundi wa kuchomelea anaimaliza kwa siku moja. Skrini ndiyo ya kuagiza. Turubai la lori lina kelele, linaonyesha picha vibaya, na linarudisha mpira kwa nguvu. Na hata skrini nzuri ikikazwa sana inarudisha mpira vilevile. Mimi naisifu kamba ya mpira inayokatwa kwenye tyubu la gari, ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda: pitisha kwenye kila tundu la skrini, funga kwenye bomba, ukikandamiza katikati kwa kiganja iingie ndani kidogo. Mabomba yote yanayotazama mpigaji yafunikwe sponji la godoro la unene wa sentimita 5 au zaidi. Mpira wa gofu una gramu 46 tu, lakini ukigonga chuma kitupu unarudi usoni.

Projekta wengi wanaikosea. Angalia uwiano wa umbali na upana wa picha. Uwiano wa 1.2 kwa picha ya mita 3 unadai mita 3.6, yaani projekta iko nyuma yako na kivuli chako kinafunika uwanja. Wa 0.5 unadai mita 1.5 tu. Tafuta ya 0.8 kushuka, mwanga lumeni 3,000 kwenda juu, na ya LED au leza kama unaweza, kwa sababu taa ya kawaida hupungua maisha kila umeme unapokatika kabla haijapoa. Kompyuta na projekta kwa pamoja huweza kula wati 600 au zaidi, hivyo UPS ya VA 1,500 pamoja na stebilaiza. R10 yenyewe ina betri ya saa kama 10, haina wasiwasi.

Mkeka usibane bei. Mwembamba juu ya zege unaumiza kiwiko na kifundo cha mkono ndani ya wiki chache.

Kuna jambo la huku kwetu juu. Mbeya iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na shoti ya mita 150 ya Dar es Salaam hapa inaongezeka kama mita 10. Programu ikiachwa kwenye usawa wa bahari, namba zitapishana na unachokiona ukienda kucheza Mufindi. Ingiza mwinuko na joto. Masika, fungua madirisha mchana, skrini ikikaa na unyevu inaota ukungu mweusi.

Kwa biashara, R10 siishauri. Ndani ya chumba kifupi mara nyingi hukadiria mzunguko wa mpira badala ya kuuona, na mteja anayelipa kwa saa ataona shoti yake imepinda tofauti na alivyopiga. Na vya kamera vinavyokaa pembeni ya mpira, kila anapokuja wa mkono wa kushoto inabidi vihamishwe. Vya kufungwa darini, kama Uneekor EYE XO, havina usumbufu huo, ila ukijumlisha na chumba kizima unazungumzia makumi ya mamilioni. Tafuta godauni lenye paa la juu, upande wa Iyunga kwa mfano, kisha weka siling ya kuzuia kelele: mvua ikianza kwenye bati tupu, wateja hawasikiani.