Filta ya hewa ya kuosha kwenye gari la vumbi: uzoefu wangu na pamba, sponji na filta kavu

Nimetumia aina zote tatu kwenye magari ya njia mbovu: pamba yenye oili, sponji yenye oili, na ile kavu ya nyuzi za sintetiki. Anayenunua akitafuta nguvu za injini aache tu. Filta ya karatasi ikiwa safi haiibani injini kiasi cha dereva kuhisi. Faida ya filta ya kuosha ni kwamba ukiwa mbali na duka la vipuri unaisafisha mwenyewe na safari inaendelea.

Kabla ya kununua, tafuta matokeo ya kipimo cha ISO 5011, kinachoonyesha filta inazuia vumbi kiasi gani na inaibana hewa kiasi gani. Asilimia 99.5 na asilimia 98 zinaonekana kama ndugu, lakini piga hesabu kwa gramu 100 za vumbi: ya kwanza inapitisha nusu gramu, ya pili gramu 2, yaani mara 4. Linalopita ni lile vumbi laini la mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hilo ndilo linaloingia kati ya ringi na ukuta wa silinda na kuusaga. Baadaye gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na kwenye turbo bapa za feni zinalika kingo. Mtengenezaji asipotoa namba hizo, mimi sinunui.

Chaguo langu kwa vumbi zito ni sponji ya tabaka mbili: ya nje yenye matundu makubwa, ya ndani yenye matundu madogo. Vumbi linanaswa katika unene wote wa sponji, si usoni tu, kwa hiyo inabeba mzigo mkubwa kabla ya kuziba. Sharti lake ni oili yake maalumu, ile inayonata. Ukiweka oili ya injini inashuka chini, sehemu ya juu inabaki kavu, na vumbi linapita hapo moja kwa moja.

Kuiosha, tumia kisafishio chake au maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Petroli iache: inalegeza gundi ya maungio, na mvuke wake ni hatari ya moto. Bonyeza sponji kwa viganja, usiisokote kama nguo, itachanika kwenye maungio. Suuza mpaka maji yatoke meupe, ianike kivulini ikauke kabisa, ndipo umimine oili kidogo kidogo ukiikandakanda. Rangi ya oili ikienea sawasawa ndani na nje, kamua iliyozidi. Iache saa kadhaa kiyeyushi cha oili kiruke, ibaki kunata bila kudondosha. Sponji iliyolowa chapachapa ni mbaya kama kavu, maana inabana hewa.

Pamba ni nyepesi kutunza, ila kwa kawaida inapitisha vumbi laini zaidi ya karatasi nzuri. Naikubali kwenye gari linaloenda porini mara mojamoja, tena ikivishwa soksi ya kuzuia vumbi kwa nje. Pulizia kisafishio pande zote, subiri kama dakika 10 bila kukiacha kikauke, kisha suuza kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Ukifanya kinyume unalisukuma vumbi ndani ya nyuzi. Kompresa na moto wa kukaushia viweke mbali. Ikikauka, pitisha mstari mmoja wa oili juu ya kila mkunjo, subiri dakika 20, ongeza palipobaki peupe tu.

Oili ikizidi, kinachoumia kwanza ni sensa ya kupima hewa. Waya wake mwembamba unapakwa oili, vumbi linaganda juu yake, sensa inasoma hewa pungufu na kompyuta inapunguza mafuta. Taa ya injini inawaka, gari linakuwa zito kwenye mlima, na fundi anaweza kukupeleka kwenye pampu na nozeli wakati tatizo liko palepale kwenye bomba la hewa. Safisha sensa kwa dawa yake ya kupulizia, bila kuugusa waya huo, na uache ikauke kabla ya kuirudisha. Kwa gari lenye sensa hiyo na mwenyewe asiye na subira ya kupaka oili, filta kavu inafaa zaidi: unaigonga taratibu, unaiosha kwa sabuni laini, inakauka, unairudisha.

Filta yoyote haina maana kama ukingo wake haubani vizuri kwenye kasha. Kila ninapofungua kasha la filta napitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa kuelekea injini. Kikitoka na mstari wa vumbi, hewa inapita pembeni: ukingo wa mpira umekakamaa, klampu imelegea, au kasha lina ufa. Paka grisi kidogo kwenye ukingo, na angalia kile kimpira cha kutolea vumbi chini ya kasha. Kikipasuka, kasha linavuta vumbi na maji kutoka chini.

Usioshe filta kwa mazoea. Kila ukiitoa unafungua nafasi ya vumbi kudondokea upande safi. Geji ya kupima mbano wa hewa inasaidia sana: unaosha inapofika kikomo. Kwenye injini nyingi kubwa za dizeli kikomo cha kawaida ni inchi 25 za maji (kipimo cha mbano huo), takriban kilopaskali 6.2. Lakini ukivuka maji marefu fungua hata kama geji iko chini. Oili iliyochanganyika na maji inageuka kama maziwa na haishiki tena vumbi.

Ninabeba ya akiba iliyokwisha pakwa oili, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ili kule porini nibadilishe tu na kuosha baadaye. Sponji inayoacha chenga mkononi unapoibonyeza tupa siku hiyohiyo, kwa sababu zile chenga zinaelekea kwenye injini.