Kupoza Karavani Wakati wa Joto Kali: Nunua Kivuli Kwanza, Kiyoyozi Baadaye

Karavani, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ni sanduku jepesi. Ukuta wake mara nyingi una unene wa sentimita 3 hivi: bati la alumini au fiberglasi nje, povu katikati, ubao mwembamba ndani. Likikaa juani, ndani huwa moto kuliko nje, na wanaolala humo nao huongeza joto, kwa kuwa mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa karibu wati 100. Ndiyo maana kuna familia zilizofunga kiyoyozi kikubwa na bado mtoto wa kitanda cha juu anaamka shuka limelowa jasho. Orodha hii haikupangwa kwa nguvu za mashine. Tumetanguliza kinacholeta nafuu kubwa kwa fedha kidogo.

1. Vizuia jua vya nje na turubai la kivuli

Jua likishapenya dirishani, joto limekwisha kuingia. Pazia la kung'aa la ndani hurudisha sehemu tu, na linalobaki hunaswa kati ya pazia na dirisha. Madirisha mengi ya karavani ni ya akriliki, nayo hulainika kwa joto, hivyo pazia la aina hiyo likifungwa kabisa mchana kutwa linaweza kulipinda dirisha. Acha mwanya wa vidole viwili. Filamu nyeusi za magari usizibandike kabisa kwenye akriliki: hufyonza joto, na dirisha huota nyufa ndogondogo zisizotibika.

Nunua kitambaa cha wavu mzito kinachoning'inia nje ya dirisha. Kama fedha haitoshi madirisha yote, anza na yale makubwa ya mbele. Chagua kinachoshikwa kwa reli au vifungo, kwani vikombe vya mpira vya kunyonya huachia kioo kikipata moto. Hakikisha pia dirisha linaweza kufunguka kidogo huku kitambaa kikiwa kimefungwa.

Turubai la ubavuni lielekee magharibi ikiwezekana. Jua la mchana hupiga paa, lakini la alasiri huja chini na kuupiga ukuta mzima, saa chache kabla ya watoto kulala. Ukiweka turubai juu ya paa, liinue sentimita 10 au zaidi ili hewa ipite chini yake. Likilala juu ya bati, joto lake linashuka moja kwa moja ndani.

2. Feni ya dirisha la paa

Kwa usiku, hiki ndicho kifaa tunachokipenda kuliko vyote. Kabla ya kununua pima tundu lenyewe, si fremu yake: karavani nyingi za Ulaya zina tundu la sentimita 40 kwa 40, na za Marekani inchi 14 kwa 14. Pima na unene wa paa. Tafuta ya volti 12, inayovuta na kusukuma hewa, yenye kasi kadhaa.

Wengi huilaumu kwa kosa lao wenyewe: wanafungua madirisha yote. Feni huvuta hewa kutoka dirisha lililo karibu nayo, na vitandani hewa haitikisiki. Fungua dirisha moja tu, upande wenye kivuli, mbali na feni, ili hewa ipite juu ya wanaolala. Shika kipande cha karatasi laini ya chooni penye mwanya wa dirisha hilo. Kikivutwa ndani, umepatia.

Feni inayotumia ampea 2 kwa saa 8 hula ampea-saa 16. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, itaiendesha usiku tatu bila kuchajiwa, mradi hakuna kingine kinachokula umeme. Mchana nje kukiwa na joto kuliko ndani, izime, la sivyo unavuta moto.

Kitanda cha juu kiwekee feni ndogo ya klipu. Hewa moto hupanda, na hapo dari iko karibu na uso wa mtoto.

3. Kiyoyozi cha paa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nenda polepole. Karavani ya wastani hutosheka na nguvu ya kupoza ya kilowati 2 hivi, na ndefu zaidi ya mita 7 huhitaji zaidi ya hapo. Usichanganye nguvu hiyo na umeme unaotumika: kiyoyozi cha namna hiyo hula wati 700 hadi 1,000.

Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu. La kwanza ni uzito: mara nyingi ni kilo 25 hadi 35, nao unatoka kwenye kiwango cha mizigo ulichoruhusiwa. La pili ni paa, ambalo lazima lihimili uzito huo. La tatu ni umeme wa kambi. Soketi ya ampea 6 kwa volti 230 hutoa wati 1,380 tu. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, mtu akawasha birika, swichi inakatika. Tena kompresa, yaani pampu inayobana gesi ya kupozea, inapoanza huvuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi, hivyo chagua cha inveta, ambacho huongeza kasi yake taratibu, au chenye kianzishi laini, kifaa kinachopunguza mshtuko huo wa mwanzo.

Mpira wa kuziba maji hubanwa kwa boliti kutoka ndani. Boliti zikilegea maji huingia, zikikazwa mno mpira hupondeka na maji huingia vilevile. Fuata kipimo cha kitabu cha kifaa, kisha zikague tena baada ya safari ya kwanza.

Kiwashe asubuhi, kabla kuta hazijashika moto. Kukiweka nyuzi 18 hakukifanyi kipoze haraka. Hewa ikipungua na barafu ikaonekana ndani, mara nyingi kichujio kimejaa vumbi.

4. Kiyoyozi cha chini ya kiti

Kwa kuwa hakikai paani, uzito unakaa chini na dirisha la paa linabaki. Lakini baridi hupotea kwenye mabomba yanayosambaza hewa, hivyo matundu ya kutolea hewa yawe juu, karibu na dari. Mabegi yasizibe njia ya hewa inayorudi.

5. Kiyoyozi cha vipande viwili cha kubebeka

Kipande chenye kompresa huning'inizwa nje. Kinafaa anayesafiri wiki mbili kwa mwaka na hataki kutoboa paa.

6. Kipozaji cha maji

Ni feni inayopitisha hewa kwenye kitambaa au sifongo lenye maji. Hutumia umeme kidogo na hufanya kazi vizuri penye hewa kavu, dirisha likiwa wazi. Pwani penye unyevu huongeza jasho tu.

7. Kiyoyozi cha bomba moja

Usinunue. Hukaa ndani na kupitia bomba lake hutupa nje hewa ya ndani, na badala yake hewa moto huingia kwenye kila ufa.

Chochote utakachochagua, waya wa kuunganishia umeme uwe wa milimita za mraba 2.5, usizidi mita 25, nao ukunjuliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa maana uliozungushwa huchemka hadi kuyeyuka. Matundu ya kudumu ya sakafuni na darini usiyazibe kamwe ili "kutunza baridi". Gesi ya kupikia ikivuja hutoka nje kupitia hayo ya chini, na yote kwa pamoja ndiyo huwapa wanaolala hewa safi.