Mshika nyoka aliyetutolea chatu Utange: kazi safi, ila kuchelewa kupo

Naandika hii manake tangu ile wiki watu wananiuliza habari za yule kijana wa nyoka, huyu leo huyu kesho, afadhali niseme yote mara moja, uzuri wake na upungufu wake, mwenye kumhitaji ajue anaita mtu wa aina gani. Namba yake iko kwa mzee wetu wa Nyumba Kumi.

Nyuma yetu hapa Utange, Mombasa, kuna bwana anafuga nyoka. Ana leseni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, nimeiona kwa macho yangu, kwa hivo sisemi ni mtu wa magendo. Ana chatu wanne wakubwa na vidogo vidogo vingine, na miaka yote tumeishi naye bila neno. Sasa Jumatatu moja asubuhi nimeenda kununua mahamri, mama muuzaji akaniinamia akaniambia kasikia kwa kijana anayemfagilia yule bwana kwamba chatu mmoja hayuko toka Ijumaa. Toka Ijumaa jameni! Siku tatu watoto wetu wamelala madirisha wazi kwa joto hili la kaskazi, mie kuku wangu kumi na moja wanalala kwenye banda la wavu wa kienyeji, na mtu anajua na amenyamaza.

Ikifika adhuhuri grupu la mtaa limewaka voisi. Chatu wa mita tatu akawa wa mita nane, ameonekana Shanzu, ameonekana Mtwapa, kameza mbuzi, mwengine akasema huyo si nyoka ni jini la mtu na halishikiki. Vijana wakatoka na mapanga na petroli, wakachoma rundo la makuti makavu karibu na msikiti, wakaua kijoka cha kahawia ambacho kazi yake ni kula panya na mijusi. Mwanangu wa pili aliona mpira wa maji uani akapiga ukelele hadi majirani wakaja. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi hata hatujaumwa. Usiku ule nilitandika magodoro yote chumba kimoja nikaziba chini ya mlango kwa madera ya zamani, nikakaa macho hadi alfajiri. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa akiona nyoka ndani humwambia mara tatu atoke kabla mtu hajamgusa. Mie nilimwambia zaidi ya mara tatu na simwoni.

Na asiniambie mtu woga wetu ni ushamba. Mwaka 2013, mwezi wa nane, kule Campbellton, New Brunswick, Kanada, chatu wa Afrika, aina ya huku kwetu, alitoka kizimbani kwenye fleti iliyo juu ya duka la wanyama, akapitia bomba la hewa, dari likaachia akaangukia sebule walipolala watoto wawili ndugu, wa miaka sita na minne, wakafa wote wawili. Mwenye nyoka alishtakiwa, 2016 baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Hiyo ni nchi ya baridi, nyoka yuko ndani ya nyumba iliyofungwa. Mzazi akisikia hayo halafu aambiwe atulie, atatulia vipi? Ni kweli visa kama hivo ni vichache sana, chatu hana sumu na binadamu si chakula chake cha kila siku, lakini kwa mtoto aliyelala uchache hausaidii kitu.

Basi mzee wa Nyumba Kumi akampigia huyu kijana, simu imewekwa spika tukisikia sote. Kitu cha kwanza kilichonipa imani ni maswali. Hakuuliza mna pesa ngapi. Aliuliza chatu ni wa urefu gani, alikula lini mara ya mwisho, nani alimwona mwisho na saa ngapi, chumba kina matundu wapi, na mna hakika ni chatu au kuna mtu ameona tu kitu kirefu? Manake huku Pwani kuna swila anayetema mate, yule mkubwa aliyepewa jina rasmi mwaka 2007 kwa heshima ya James Ashe, mzee aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu, na huyo ukimwendea kama unavyomwendea chatu unapoteza macho. Halafu akauliza kama KWS wameambiwa. Kimya. Mfugaji hajawaambia. Kijana akasema hashiki kitu hadi waambiwe, "nikimshika kimyakimya akitoka tena kesho mtaniuliza mimi." Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka leseni kwa anayefuga, na mzee akamwambia mfugaji piga simu saa hii hii mbele yetu. Akapiga.

Kijana akatuagiza tuache kuchoma, moto unamsukuma nyoka kwenda mbali na unaua vingine visivyo na hatia. Watoto, paka na kuku wawe ndani, mitaro iliyo wazi iwekewe mawe, na asibaki mtu na panga.

Sasa upungufu wake wa kwanza. Alisema saa nane mchana atakuwa amefika. Alifika inaadhiniwa magharibi. Sababu alitoa, alikuwa Likoni kwa kazi nyengine akakwama kwenye feri, sawa, lakini mtaa wenye hofu ile saa nne za kungoja ni nyingi mno, na simu alikuwa hapokei. Angetuma hata ujumbe.

Alivyofanya kazi ndo nataka mjue vizuri. Sisi sote tulidhani ataingia vichakani na tochi. Hakwenda hata kuangalia vichaka, alikwenda moja kwa moja kwenye kizimba. Kizimba chenyewe ni boksi la plaiwudi, mbele glasi ya kusukuma, juu wavu umepigiliwa misumari midogo kama ya picha. Pembe moja ya wavu imeinuka. Akatuita mie na kina mama wengine tuone, akatuambia chatu havunji kitu, yeye anasukuma kwa pua, anasukuma pale pale usiku kucha, leo msumari mmoja unalegea, kesho wa pili, na kichwa kikipita mwili wote unapita. Juu ya wavu kuna dari lina mwanya ukutani. Chini ya mlango wa chumba mwanya unaingia kiganja. Yaani ukishatoka kwenye boksi hakuna tena kitu kinachokuzuia. Mfugaji anasimama hapo anaangalia chini.

Halafu akasema neno lililotushusha pumzi. Chatu akitoroka kwa kawaida haendi safari. Anatafuta penye giza, pembamba, pana joto, anajikunja hapo, na aliyekula wiki iliyopita hana haraka ya kutafuta chakula, anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Wengi wanaotoroka hupatikana nyumba ile ile au hatua chache. Akaomba unga. Mie nilitoa pakiti ya unga wa ngano, akanyunyiza kwa ukanda mlango wa stoo, mlango wa jikoni, kando ya lundo la mabati na kwenye geti. Akazima taa, akatuambia twende tukaswali tukale, tusirudi kabla ya saa tatu.

Saa tatu na kitu tumerudi, unga wa geti uko vile vile, wa jikoni uko vile vile. Wa mlango wa stoo una mfuo mpana kama umeburuta gunia. Alikuwa nyuma ya friji kuukuu, pale kwenye mota panapotoa joto, amejikunja kama shuka. Stoo iko hatua kama ishirini kutoka kizimbani. Na sisi tumechoma makuti ya watu karibu na msikiti.

Hapo bado hakumgusa. Alikuwa peke yake, akasema nyoka wa mwili huu hashikwi na mtu mmoja, akikuzunguka mkono na kifua huna wa kukufungua. Tukangoja mwenzake aje na boda, karibu nusu saa, na japo nilikuwa nataka yaishe, kwa hili nampa alama zote. Wafugaji wazoefu hata huko Marekani wana kanuni hii hii, chatu mkubwa haguswi wala halishwi ukiwa peke yako. Wakavuta friji polepole, mmoja na fimbo ya kulabu akamwinua mbele, akamshika nyuma ya kichwa, wa pili akabeba mwili, wakamtia kwenye gunia la kitambaa, gunia wakalitia kwenye pipa la plastiki lenye matundu na kifuniko cha komeo. Hakuna fimbo iliyompiga, hakuna kelele. Dakika kumi labda. Wakampima kabla ya kumfunga, mita 3 na sentimita 20. Mfugaji mwenyewe alikuwa akisema mbili na nusu! Mtu anafuga mnyama na hajui kakua kiasi gani, basi atajuaje kama boksi bado linamtosha.

Upungufu wa pili: walipokuwa wanampima, vijana walisongea na simu zao hadi mmoja akashika mkia apigwe picha, na kijana wa nyoka akawaacha. Mzee ndiye aliyewarudisha nyuma. Hilo sikulipenda kabisa. Nyoka aliyetishika, kiza, watu thelathini, halafu unaruhusu mkono wa mtoto wa watu uende pale? Nilimwambia uso kwa uso, akaomba radhi. Na tochi hakuja nayo, alitumia zetu.

Palepale kijana mmoja akamuuliza, kaka unaweza kunitafutia mdogo nifuge? Akamjibu hapana, huna leseni, na akamweleza vizuri tu, kwamba anaanza kama kamba ya viatu kila mtu anampenda, halafu anafika mita nne na zaidi, anaishi miaka ishirini na kupita, anataka chumba chake, anataka watu wawili kila akihudumiwa, na mwenye kuchoka humwachia kichakani usiku. Florida kule Marekani ndivyo ilivyokuwa. Chatu wa Burma si wa kwao, walitoka mikononi mwa wenye kuwafuga, wengine wametoroka wengine wameachiliwa, leo wamezaana Everglades hadi wanyama wadogo wamepungua vibaya, na 2012 serikali ikapiga marufuku kuwaingiza nchini, wao na chatu wetu wa Afrika pia.

Malipo: KSh 4,500 pamoja na boda wawili, amelipa mfugaji kwa M-Pesa baada ya mzee kusema ndivyo haki ilivyo. Risiti hakuna, ukitaka risiti mwambie mapema.

Kesho yake alirudi na welda, na hii sehemu ndo iliyonirudishia usingizi kuliko hata kumwona chatu kwenye pipa. KWS walikuwa wameshapita, wakakagua na kumpa mfugaji masharti. Sasa vizimba vina fremu ya chuma na wavu umechomelewa, hakuna msumari, glasi ina kufuli yake, matundu ya hewa yana wavu ndani na nje, dari limezibwa, mlango wa chumba umeongezwa ubao na mpira chini hata mende hapiti, na mbele yake kuna mlango wa pili, kwamba akitoka kwenye boksi bado yuko ndani ya chumba kilichofungwa. Nilivuta wavu kwa mikono miwili hautikisiki. Kuna daftari limefungwa kwa uzi mlangoni, chatu wanahesabiwa asubuhi na usiku na anayehesabu anatia sahihi. Getini ameandika namba yake ya simu na idadi ya nyoka alionao.

Mfugaji alikuja barazani baada ya isha, akasema ukweli wake. Alinyamaza kwa sababu aliogopa tukisikia tutakuja kumchomea nyumba na nyoka wote wafe. Nikiwatazama vijana walivyobeba petroli siwezi kusema alikuwa anawaza upuzi. Lakini nilimwambia, babangu, ungetugongea Ijumaa ile ile na huyu kijana yuko kando yako na pakiti ya unga, Jumamosi asubuhi chatu yuko ndani na sisi tunakunywa chai. Siku tatu za kunyamaza ndizo zilizoleta petroli. Akakubali. Mie nimemsamehe, na watoto wangu nimewapeleka wakaone kufuli kwa macho yao, mkubwa ameanza kulala chumba chake tena.

Kwa mwenye kumwita: mpigie asubuhi, si jioni. Anafanya kazi Kisauni, Nyali, Bamburi hadi Mtwapa, akiwa Likoni au Diani hesabu masaa ya feri. Mwambie aje na mwenzake tangu mwanzo ili usingoje mara mbili, weka tochi tayari na pakiti ya unga, na watu wawe mbali. Kama nyoka yuko chumbani na watu muda huu na kijana hapokei, usimngoje, toka nje, funga mlango, ziba chini kwa nguo, upige KWS. Walioko upande wa Watamu wana Bio-Ken tangu 1980, hao hutoa nyoka majumbani, hamna haja ya kumtoa mtu Mombasa.